Simu badala ya kompyuta ya mezani: anza na kebo

Mdogo wangu alinipigia usiku. Laptopu yake imezima, haiwaki tena, na ana ripoti ya kurasa 40 ya kumalizia ndani ya siku tatu. Nikamuuliza kama ana monita na kibodi. Anavyo. Nikamwambia, basi kompyuta unayo, umeishika sikioni. Mimi mwenyewe huu ni mwaka wa pili naandika na kuhariri kila siku kwa simu iliyochomekwa kwenye monita, na sina mpango wa kurudi nyuma. Lakini kumfikisha yeye hapo kulituchukua jioni mbili, na karibu muda wote huo uliishia kwenye hatua ya tatu. Nimezipanga hatua kama tulivyozipitia.

Hatua ya 1: Jua kama simu yako inatoa picha

Fanya hivi kabla hujanunua chochote. USB-C ni umbo la tundu tu, halisemi ndani kuna nini. Simu nyingi za bei nafuu zina tundu hilo, lakini ndani ni USB 2.0: linapitisha umeme wa chaji na data kwa mwendo wa polepole, basi. Picha ya kwenda kwenye monita husafiri kwenye nyaya za kasi ambazo USB 2.0 haina. Utaratibu wenyewe unaitwa DisplayPort Alt Mode, ulitangazwa mwaka 2014, na ndilo jina la kutafuta kwenye orodha ya sifa za simu yako. Ukikuta USB 3.1 au 3.2 na DisplayPort imetajwa kando yake, endelea. Ukikuta USB 2.0 na DisplayPort haijatajwa popote, adapta ya kawaida ya HDMI haitatoa kitu hata ukibadilisha kumi.

Galaxy S za Samsung zina DeX, mwonekano wa kompyuta unaotokea kwenye monita, tangu S8 ya 2017. Mwanzoni ilihitaji kituo maalumu cha kuwekea simu. Tangu Note 9 ya 2018, kebo au adapta ya USB-C kwenda HDMI inatosha. Galaxy A nyingi hazina. Motorola wana mfumo wao, ulioanza 2021 kwa jina la Ready For na sasa unaitwa Smart Connect, ila si kwenye simu zao zote. Pixel za Google zinatoa picha kuanzia Pixel 8. iPhone kuanzia 15 inatoa picha pia, lakini utaona kile kile kilicho kwenye simu, kimekuzwa tu. Madirisha ya kupanga ubavu kwa ubavu hutapata.

Kuna watakaokushauri urushe picha bila waya. Kwa kuangalia video sawa. Kwa kuandika, ile chelewa ndogo kati ya kubonyeza herufi na kuiona inachosha macho na mikono, na baada ya saa moja utakuwa umechoka bila kujua kwa nini. Napendekeza waya.

Hatua ya 2: Monita, kibodi, kipanya

Chochote chenye HDMI kinafaa. Ukitumia televisheni, iweke kwenye hali ya michezo ili kipanya kisiburute. Kibodi chagua ya waya.

Hatua ya 3: Kebo na habu

Habu ni kijisanduku kinachogeuza tundu moja la simu kuwa matundu kadhaa: HDMI, USB na chaji. Hapa ndipo mimi nilipoteza karibu saa nne siku ya kwanza, na mdogo wangu akaja kukwama palepale.

"Dada, skrini bado nyeusi."

"Kibodi inafanya kazi?"

"Inafanya. Na simu inachaji."

"Hiyo kebo umeitoa wapi?"

"Ni ya chaja."

Habu yake ilikuwa ile yenye tundu la USB-C pande zote, ambayo kebo ya kuiunganisha na simu unajitafutia mwenyewe. Akachukua ya chaja, kama mtu yeyote angefanya. Kebo ya chaja mara nyingi ina nyaya za umeme na jozi moja tu ya data, ile ya USB 2.0. Kibodi na kipanya vinatosheka na jozi hiyo, simu inaingia chaji, kwa hiyo kila dalili inakuambia kebo ni nzima. Picha tu ndiyo haipiti, kwa sababu njia yake haimo ndani ya kebo. Unene hauthibitishi kitu. Hata wati 100 zilizoandikwa kwenye boksi hazithibitishi kitu: hizo ni habari za umeme, si za picha. Mimi nilibadilisha monita, nikabadilisha kebo ya HDMI, nikarudisha mipangilio yote ya simu mwanzo, kabla sijaishuku ile kebo fupi iliyokuwa mbele ya macho yangu.

Kebo inayofaa huandikwa kasi ya data: 5Gbps, 10Gbps au zaidi, au ina alama ya radi ya Thunderbolt. Isipoandikwa kasi yoyote, ichukulie kuwa ni ya chaji. Lakini ushauri wangu ni kukwepa swali lote: nunua habu ambayo kebo yake imeungwa mwilini moja kwa moja, haichomoki. Aliyeitengeneza ameshakuchagulia. Na kama monita yako ina USB-C inayopokea picha, huhitaji habu kabisa. Tumia kebo iliyokuja kwenye boksi la monita hiyo, si nyingine.

Habu iwe na tundu la kuingizia umeme, lile lililoandikwa PD. Bila hilo simu inalisha habu, kibodi na kipanya kwa betri yake, na kazi ya nusu siku hutaimaliza. Habu nayo hula wati kadhaa kabla haijapitisha zinazobaki, kwa hiyo chaja ndogo ya simu inaweza isitoshe. Mimi natumia ya wati 45 na sijawahi kupata shida.

Sasa mpangilio wa kuchomeka. Chaja kwenye habu kwanza. Kisha HDMI. Kisha kibodi, kipanya, flashi. Simu mwisho kabisa. Ukichomeka au kuchomoa chaja katikati ya kazi, simu na habu huanza upya kukubaliana nani ampe nani umeme, na kwa habu nyingi kila kitu hukatika kwa sekunde chache: skrini inazima, kibodi inapotea, flashi inachomoka kama umeivuta kwa mkono. Mdogo wangu alichomeka chaja wakati faili linahifadhiwa kwenye flashi. Faili likaharibika, halikufunguka tena, na sura ya tatu ya ripoti akaiandika upya. Tangu hapo namwambia kila mtu: hifadhi kwenye simu, kisha nakili kwenda kwenye flashi ukimaliza.

Jambo jingine ni kasi ya picha. Habu nyingi zimeandikwa 4K kwa herufi kubwa, kisha pembeni kwa herufi ndogo kuna 30Hz. Maana yake skrini inachora picha mara 30 kwa sekunde, na kipanya kitaonekana kinaruka. Punguza hadi 1920 kwa 1080, upate mara 60, au tafuta habu iliyoandikwa wazi 4K 60Hz. Kwa maandishi, mimi nachagua 60 kuliko pikseli nyingi, bila kusita.

Skrini bado nyeusi na kebo ni sahihi? Toa kava ya simu, kwa sababu kava nene huzuia plagi isiingie hadi mwisho. Geuza plagi juu chini. Ikifanya kazi upande mmoja tu, tundu lina uchafu au mguso mmoja umekufa. Zima simu, chokoa vumbi taratibu kwa kijiti cha mbao, kamwe usitumie pini. Ukistaajabia nyuzi za nguo zinazotoka mle ndani, ni kawaida.

Hatua ya 4: Washa mwonekano wa kompyuta

Samsung itakuonyesha taarifa ya DeX, iguse. Kwenye Pixel inayounga mkono, utaulizwa kama unataka skrini ya pili au picha ileile ya simu. Chagua skrini ya pili, si picha ileile. Usipoona kitu, fungua sehemu ya wasanidi programu: nenda Kuhusu simu, gusa namba ya muundo mara saba, kisha utafute humo chaguo la mwonekano wa kompyuta kwenye skrini za nje.

Hatua ya 5: Weka mazingira ya kazi

Zima arifa kwanza. Ujumbe unaosomeka na wewe peke yako kwenye simu unasomeka na chumba kizima kwenye monita. Chagua mpangilio sahihi wa kibodi ya nje, la sivyo alama za nukta na mabano zitatoka kwingine. Alt na Tab hubadilisha madirisha, Ctrl na C hunakili, kama ulivyozoea.

Hatua ya 6: Programu

Kwa nyaraka natumia Collabora Office. Imejengwa juu ya LibreOffice na inatunza mitindo ya vichwa vya habari, majedwali na tanbihi ninapopokea faili la docx na kulirudisha. Kwenye kivinjari, washa tovuti ya kompyuta. Huduma nyingi zinazodai programu ya simu zitafunguka kikamilifu hapo. Flashi ifomatiwe kwa mfumo wa faili wa exFAT, kwani simu nyingi hazisomi ule wa NTFS.

Wanaoandika msimbo watahitaji Termux, programu ya kuandikia amri za Linux kwenye simu. Ichukue kwenye F-Droid, duka la programu huria. Tangu Android 12, mfumo huua michakato midogo inayoendeshwa na programu ikizidi 32, na Termux hufa ghafla katikati ya kazi ndefu. Android 14 imeweka swichi ya kuondoa kizuizi hicho kwenye sehemu ileile ya wasanidi programu. Iwashe kabla hujalaumu kingine.

Hatua ya 7: Joto

Simu inachaji na inafanya kazi nzito kwa wakati mmoja, lazima ipate moto. Kava nje, simu ilale juu ya meza ngumu, si juu ya kitambaa. Kama ina chaguo la kusimamisha chaji kwenye asilimia 80, liache limewashwa daima.

Ukimaliza, ondoa flashi kwenye mipangilio kwanza, kisha chomoa simu. Faili uliloliacha wazi unalikuta kwenye simu palepale uliposimama. Mdogo wangu alichomoa asubuhi ya siku ya tatu, akasahihisha ukurasa wa mwisho kwa kidole gumba akiwa kwenye basi, na ripoti ikaondoka kabla hajashuka.