Jinsi ya Kutambua Kulika kwa Mifupa ya Vidole vya Mikono na Miguu kwa Picha za Kitabibu

Mfupa wa ncha ya kidole unapoanza kulika, mgonjwa huweza kukaa muda mrefu bila kuulalamikia mfupa wenyewe, bali hulalamikia ukucha uliopinda, kidole kinachoonekana kufupika au kidonda kisichofunga. Picha ya kwanza inayofaa ni eksirei ya kawaida iliyopigwa kwa uangalifu. Ipigwe mikono yote miwili, hata kama kidole kinachosumbua ni kimoja, kwa kuwa mkono wa pili ndio wa kulinganishia. Kila kidole kinachotiliwa shaka kipigwe pia kwa ubavu, kikiwa kimetenganishwa na vingine, la sivyo vivuli vya pingili, yaani vipande vya mfupa vinavyounda kidole, hupandana na kuficha ukingo unaotafutwa. Miguu nayo isisahaulike, ila msomaji akumbuke kwamba pingili za vidole vya miguu ni ndogo kwa asili, na kwamba katika kidole cha mwisho pingili mbili za mbele mara nyingi huwa zimeungana tangu kuzaliwa.

Kabla ya kutaja ugonjwa wowote, amua kwanza mfupa umepungua mahali gani.

Mara nyingi hupungua kwenye kichwa cha pingili ya mwisho, ile sehemu pana iliyo chini ya ukucha. Ukingo wake wa kawaida haujanyooka sawasawa, kwa hiyo ukwaruzo peke yake si ugonjwa. Kinachotia shaka ni kichwa kupoteza upana na kuchongoka kama penseli. Katika skleroderma, ugonjwa unaokaza ngozi, ambapo damu haifiki vizuri kwenye ncha, tafuta pia vipande vyeupe vya kalsiamu ndani ya nyama laini, kwani mambo hayo mawili yakikutana ushahidi huwa na nguvu. Katika soriasisi, ugonjwa wa ngozi yenye magamba unaoweza kushika viungo, kiungo cha mwisho cha kidole nacho huliwa, huku mfupa mpya wenye ukingo wa manyoyamanyoya ukiota kando yake. Ukoma na kisukari huharibu neva, na mtu asiyehisi maumivu huendelea kuumia bila kujua hadi pingili zikasinyaa na kufupika. Aliyeunguzwa na baridi kali mara nyingi huwa na gumba salama, kwa sababu gumba hufumbatwa ndani ya ngumi.

Mahali pa pili ni katikati ya pingili ya mwisho, ambapo ukanda mweusi huikata na kuiacha ncha kama imeelea. Sura hii ni adimu zaidi, nayo inalazimu kuuliza kuhusu kazi na ukoo: ilionekana kwa wafanyakazi waliosafisha matangi ya kutengenezea plastiki ya PVC, na huonekana katika ugonjwa wa kurithi wa Hajdu-Cheney.

Tezi za parathiroidi, tezi ndogo za shingoni zinazodhibiti kalsiamu mwilini, zikifanya kazi kupita kiasi, sura zote mbili zaweza kutokea, lakini usianzie kwenye ncha. Anza na pingili za kati za kidole cha shahada na cha kati, upande unaoelekea gumba, ambako ukingo huonekana kama umetafunwa. Ukiuona, omba vipimo vya damu vya kalsiamu na homoni ya parathiroidi.

Eksirei ina mpaka wake, na hapa ndipo naona makosa mazito hufanyika. Mfupa huweza kupoteza takriban asilimia 30 hadi 50 ya madini yake kabla upungufu haujaonekana. Katika maambukizi ya mfupa, picha inaweza kuwa safi kabisa kwa siku 10 hadi 14 za mwanzo. Kwa hiyo mgonjwa wa kisukari mwenye kidonda cha kidole kilichoingia ndani sana asiambiwe kwamba mfupa ni mzima kwa picha moja tu. Irudiwe baada ya wiki 2 au 3, au apelekwe MRI, kipimo cha picha kinachotumia sumaku, ambayo huonyesha mapema mabadiliko ndani ya uboho. CT skani, eksirei inayopiga mwili vipande vipande kwa kompyuta, hufaa pale ukingo mdogo wa mfupa unapobishaniwa.

Katika ripoti, andika kidole, pingili, upande na sura ya ulikaji, kisha ulinganishe na picha ya zamani kama ipo.