Kufunga beji ya jeshi kwenye bereti ikae wima

Usitoboe bereti mpya. Sufu hujivuta ikilowa na kukauka, kwa hiyo beji iliyofungwa mapema huhama: leo iko juu ya jicho, baada ya mvua mbili imeelekea sikioni. Bereti ipate umbo kwanza.

Nyoa manyoya yaliyosimama kwa wembe mpya, bereti ikiwa kavu, ukielekea upande mmoja bila kukandamiza. Kisha chovya sufu kwenye maji ya moto kiasi cha mkono kustahimili, ukijitahidi mkanda wa ngozi usilowe sana. Ikandamize ndani ya taulo kuondoa maji. Usiisokote kama shati, maana kile kipande kigumu kilichoshonwa ndani, nyuma ya mahali pa beji, kitapinda na hakitanyooka tena.

Ivae ingali na unyevu. Mkanda uzunguke kichwa sambamba na ardhi, kama sentimita 2.5 juu ya nyusi, na kipande kigumu kisimame juu ya jicho la kushoto. Vuta kitambaa kulia na chini kuelekea sikio, ukilaza kila mkunjo kwa kiganja. Kaa nayo mpaka ishike, halafu imalizie kukauka kivulini. Kamba ya nyuma ifungwe fundo dogo na ncha zake zisukumwe ndani ya mkanda. Kamba inayoning'inia huharibu kazi yote.

Upande wa beji si sheria ya dunia nzima. Jeshi la Ufaransa huvuta bereti kushoto na kuweka beji kulia, lakini makomando wake wa majini hufuata mtindo wa Uingereza, yaani beji kushoto kama ilivyoelezwa hapo juu, kwa kuwa kikosi chao kilizaliwa huko wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Soma kanuni za mavazi za jeshi husika kabla ya kushika wembe.

Sasa weka alama. Bereti ikiwa kichwani, mtu mwingine aweke nukta ya chaki juu ya katikati ya jicho. Kioo hudanganya kwa sababu kinageuza pande, na wewe mwenyewe ukiinama kidogo tu mstari wa wima unapotea.

Utoboaji unategemea mgongo wa beji. Yenye ulimi mrefu wa bapa huhitaji mkato mmoja wa mlalo, mfupi kidogo kuliko upana wa ulimi, kwa kuwa sufu hutanuka. Mkato ukizidi, beji italala upande na hakuna namna nzuri ya kuurudisha. Yenye pete mbili huhitaji matundu mawili, na pini ya miguu miwili hupitishwa ndani ya pete upande wa pili. Yenye sindano hupenya yenyewe na kubanwa kwa vifuniko vidogo. Kwa aina zote, pita kwenye sufu na kipande kigumu, ila usipite kwenye mkanda wa ngozi: chuma kitakukwaruza paji la uso.

Usafi ndipo beji nyingi hufia. Shaba ya njano hung'arishwa kwa dawa ya shaba na kitambaa laini, beji ikiwa imevuliwa, kwani dawa ikikauka kwenye sufu huacha unga mweupe. Usisugue kila siku kwa nguvu, hasa pua ya mnyama, ncha za nyota na herufi za utepe. Michoro ikilainika hairudi. Beji ya alumini yenye rangi ya dhahabu isiguswe na dawa hiyo kabisa. Mng'ao wake ni tabaka jembamba la juu, na likikwanguka unabaki na madoa ya kijivu. Maji ya sabuni na mswaki laini vinaitosha.

Bereti ikilowa mvua, vua beji usiku huohuo. Shaba huacha doa la kijani kwenye sufu, na pini ya chuma huacha kutu.