SOMO: Kupiga kambi na watoto kwenye kambi kongwe za katuni Marekani

Wakuu, hili ni kwa familia zetu zilizoko Marekani zinazokodi trela wakati wa kiangazi. Kambi za Yogi, dubu wa katuni, yaani Jellystone Park, zilianzia Sturgeon Bay, Wisconsin, mwaka 1969, na nyingine za mtindo huo zilifuata. Ukifika kwenye kambi iliyozeeka, sanamu iliyobanduka rangi isikutishe. Kinachoharibu likizo ni umeme, maji na bwawa. Vikague kabla hujateremsha hata godoro.

1. Sawazisha trela. Viwanja vya zamani huinama kwa sababu ya mizizi na mvua. Weka pima maji sakafuni; nyoosha upana kwanza kwa mbao chini ya tairi, weka vigingi vya magurudumu, ndipo uachanishe na gari na kunyoosha urefu kwa jeki ya mbele. Friji ya gesi haina pampu, kimiminika chake hutiririka chenyewe. Trela ikilala upande kinakwama, na friji inaweza kufa kabisa.

2. Umeme. Hapa usiwe na haraka. Zima breka ya nguzo ya umeme ya kiwanja kabla ya kuchomeka. Tazama matundu ya soketi: yakiwa meusi, au plagi ikicheza, omba kiwanja kingine. Kisha weka kilinda umeme kinachoonyesha volti, ndugu wa kile tunachowekea friji nyumbani. Kawaida ni volti 120. Shida huja saa tisa alasiri, kila trela imewasha kiyoyozi na nyaya ndefu za zamani zimezidiwa. Volti inaposhuka, mota ya kiyoyozi huvuta ampea nyingi zaidi, inachemka, inaungua. Ikifika chini ya 105, kizime, fungua madirisha na usubiri jioni.

3. Maji. Acha bomba litiririke dakika 2, kutu itoke. Funga kipunguza presha bombani, halafu mpira maalumu wa maji ya kunywa. Wa bustani huacha ladha mbaya. Presha isizidi psi 50 (pauni kwa inchi ya mraba). Usiku watu wakilala presha hupanda, na viungio vya ndani ndipo hupasuka. Mkitoka wote, funga bomba.

4. Bwawa. Ukiwa ukingoni lazima uone waziwazi tundu la kutolea maji chini kabisa, penye kina. Huoni? Watoto wasiingie, kwa sababu mtoto akizama hapo hataonekana. Nunua karatasi za kupimia: klorini angalau ppm 1 (sehemu moja kwa milioni), pH (kipimo cha uchachu wa maji) kati ya 7.0 na 7.8. Pitisha kitambaa kwenye mtelezo. Kikinasa nyuzi, mtelezo huo utawachana watoto ngozi.

5. Kuni nunua hapohapo. Mbawakawa wa kijani anayeua miti iitwayo ash, aliyegunduliwa Michigan mwaka 2002, husafiri ndani ya magome ya kuni za kubeba.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, breka yetu ya ampea 30 inaruka kila tukipika. Nguzo ni mbovu?

Jibu: Piga hesabu kwanza. 30 mara 120 ni wati 3,600. Kiyoyozi hula kama 1,500, birika la umeme 1,500, maikrowevu zaidi ya 1,000. Umeshapita. Ugali na wali pikia gesi, dirisha likiwa wazi. Ikiruka ukiwa na kiyoyozi peke yake, hapo mwite fundi wa kambi.

Swali: Sisi tuna hema, kiwanja ni kokoto tupu. Vigingi vinapinda.

Jibu: Tafuta vya chuma vya sentimita 30 na nyundo, vile vya kwenye mfuko wa hema viache. Turubai la chini likunjie ndani, lisitokeze nje ya hema hata kidogo. Likitokeza hukusanya mvua na mtalala juu ya dimbwi.

Swali: Choo cha trela kinanuka siku ya tatu, na vali ya kutolea uchafu tumeiacha wazi muda wote.

Jibu: Hiyo vali ndiyo chanzo, dada. Majimaji yanatoka, kinyesi kinabaki na kuganda. Ifunge, mimina ndoo mbili za maji na dawa ya tangi, subiri tangi lifike theluthi mbili, kisha fungua. Tangi la choo litangulie, la maji ya vyombo lifuate ili lisafishe mpira. Na vaa glavu.