Unataka unesi na umeshapita miaka thelathini? Anza na fizikia, fomu baadaye

Kila mwaka dirisha la maombi ya vyuo vya afya likifunguliwa naanza kupigiwa simu, na wanaonipigia wengi sio watoto waliomaliza form four juzi, ni watu wazima wenzangu, mama mwenye duka Mafiati hapa Mbeya, kaka anaendesha bajaji Uyole, mwalimu wa shule binafsi huko Iringa, na wote wanauliza kitu kimoja, "dada nataka kusomea unesi, naombaje?" Mimi kabla ya lolote nauliza, fizikia ulipata nini? Hapo simu nyingi zinakua kimya.

Nilikua nauza mitumba ya watoto Mwanjelwa miaka tisa, nikaingia chuo nina miaka 33 na watoto wawili, saivi nimemaliza na leseni ninayo, kwaiyo haya naandika nimeyapita. Mtu mzima nafasi ya chuo anakua ameshaikosa mwaka mzima kabla ya siku ya kuomba, kwa sababu ya cheti ambacho hajakigusa tangu amalize shule na nyumba ambayo hajaipanga.

Tuanze na cheti. Diploma ya Uuguzi na Ukunga ni miaka 3, level 4 mpaka level 6, na sifa ya kuomba ni ufaulu wa form four masomo manne yasiyo ya dini, kuanzia D, na ndani ya hayo manne lazima iwepo Kemia, Baiolojia na Fizikia. Hesabu na Kiingereza ukiwa umefaulu vinakuongezea nguvu. Sasa watu wanasoma hapo wanasema aah D nne tu, nina D nne mimi. Ndugu yangu hiyo ni sifa ya kuruhusiwa kuomba, kuchaguliwa ni kitu kingine kabisa, maana chuo kina viti vyake vya kuhesabu na vyuo vya serikali ada yake ina unafuu kwaiyo kila mtu anakimbilia huko, na wewe mwenye D tupu unapangwa foleni moja na mtoto mwenye B ya baiolojia na C ya kemia.

Na kama una digrii ya kitu kingine, wapo wengi hawa, ana digrii ya biashara au ualimu wa historia, anadhani itambeba. F ya kemia ya form four haifutwi na digrii ya historia. Unarudi kwenye cheti kilekile kama sisi. Kwa waliosoma PCB form six (Fizikia, Kemia na Baiolojia) wakafaulu vizuri, nyie angalieni digrii ya uuguzi moja kwa moja, miaka 4 alafu mwaka wa intaneshipu, njia yenu ni nyingine na sitaizungumzia sana hapa.

Mimi nilimaliza 2008 na nilikua na C ya baiolojia, D ya kemia, F ya fizikia. Ikabidi nirisiti, yaani nirudie mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea. Hapa shika kalenda maana ndo inawaumiza watu wengi. Usajili wa watahiniwa wa kujitegemea unaanza Januari, mtihani ni Novemba, matokeo yanatoka Januari inayofuata, dirisha la vyuo vya afya linafunguliwa katikati ya mwaka, na masomo yanaanza kama Septemba au Oktoba. Hesabu mwenyewe, kutoka siku unalipia kurisiti mpaka siku unavaa yunifomu ni karibu mwaka na miezi tisa. Anayeamka mwezi wa sita akasema mwaka huu naenda unesi na fizikia ana F, mwaka huo haendi, na mwakani pia haendi.

Somo moja au mawili yanatosha kurisiti, usijibebeshe saba. Na ukienda kujiandikisha uliza kituoni mapema kuhusu prakitiko, utafanyia wapi na nani atakufundisha, maana karatasi ya nadharia unaweza kujisomea kibandani lakini kupima volti na kufanya taitresheni ya kemia (kupima asidi na besi maabara) hujisomei.

Mimi nilikua nafunga kibanda saa kumi na mbili jioni alafu nafundishwa na kijana aliyemaliza form six anasubiri kwenda chuo kikuu, siku tatu kwa wiki, anakuja ananipa shikamoo kwanza ndo anafungua daftari. Mada ya spring nilikua siielewi kabisa, Hooke's law, nikawa nakariri fomula tu. Siku moja akanishika mkono akanipeleka kibanda cha jirani kwa mama muuza maharage, akamuomba ule mzani wake wa kuning'iniza, akaweka kilo moja, mshale ukashuka, akaweka ya pili, ukashuka mara mbili yake, akaniambia mama unaona, uzito ukizidi mara mbili spring inavutika mara mbili, mpaka uizidishie iharibike ndo inaacha kufuata. Nilisimama pale nikaangalia ule mzani ambao nimeuona kila siku miaka tisa. Kuanzia hapo fizikia nikaanza kuitafuta sokoni, kwenye torori, kwenye jiko, kwenye betri ya redio, na Novemba nikapata C. D inaanza maksi 30 na C inaanza 45, hizo kumi na tano za kati ndo zinaweza kukutoa nyuma ya foleni, kwaiyo usisome kwa kulenga D.

Ukishakua na matokeo ya mara mbili, kwenye maombi unaweka namba zote mbili za mtihani, ile ya shule inayoanza na S na ile ya kujitegemea inayoanza na P. Usisahau moja, utaonekana huna sifa.

Jambo la pili ni jina. Toa cheti cha form four, cheti cha kuzaliwa na kitambulisho cha NIDA, weka mezani mchana kwenye mwanga, soma herufi kwa herufi. Kwangu cheti cha kuzaliwa kilikua na herufi moja zaidi ya cheti cha shule, na nimeolewa miaka mingi sikuwahi kujua. Kuna ofisi moja waliniambia haina shida, nikaondoka nimefurahi, baadae ile herufi ikanirudisha mara tatu nikalipa nauli na kiapo kwa haraka kwa bei ya haraka. Fanya hii miezi ya Februari au Machi wakati ofisi zina nafasi, kama ni kiapo mahakamani au kurekebisha cheti cha kuzaliwa RITA au kitambulisho NIDA maliza kabisa. Kina mama mliobadilisha jina baada ya ndoa, hapa ndo kwenu zaidi.

Maombi yenyewe ni mepesi kuliko watu wanavyoogopa. Vyuo vya afya vya Tanzania Bara unaomba kwenye mfumo wa pamoja wa NACTVET, lile baraza la taifa linalosimamia vyuo vya ufundi, mtandaoni, unajisajili kwa namba ya mtihani, unapewa kontrol namba, unalipa kwa simu, unachagua vyuo. Ukienda stesheneri kujaziwa kaa pembeni ya yule kijana uangalie skrini mwenyewe, na namba ya simu weka YAKO, na nywila andika kwenye daftari, nimeona watu wamechaguliwa wakakosa kuthibitisha sababu ujumbe ulienda kwenye simu ya stesheneri.

Kuchagua chuo ndo sehemu inayotaka akili. Pakua kile kitabu cha mwongozo cha NACTVET cha mwaka huo, kinaonyesha kila chuo, kozi, sifa, idadi ya nafasi na ada. Watu wa Mbeya wote wanaandika chuo cha Mbeya mjini basi, wanajazana. Nyanda za juu kusini tuna bahati, hospitali za misheni zilianzisha shule za uuguzi miaka mingi, Ilembula kule Wanging'ombe, Ilula ya Kilolo, Tosamaganga karibu na Iringa mjini, Igogwe ya Rungwe, Isoko ya Ileje, Mbozi, Peramiho ukishuka Songea. Chuo kilichoshikana na hospitali unatoka darasani unaingia wodini kwa miguu, na mwanafunzi wa unesi anajifunzia wodini. Mi ushauri wangu weka kimoja cha serikali unachokitamani, na vingine viwe vile ambavyo maksi zako zinaingia bila kuomba Mungu sana, na angalau kimoja kiwe mahali ambapo una ndugu wa kukupokea.

Chuo ambacho hakipo kwenye kile kitabu achana nacho, hata kama kina bango zuri barabarani. Na mtu yeyote akikwambia nipe laki tatu nikuingizie jina lako, huyo ni mwizi. Mimi aliniijia mmoja mpaka kibandani, kavaa vizuri, anataja majina ya wakubwa, na nilishaitoa pesa ya kununulia balo la mitumba nikiwa nimeishika mkononi, ni mume wangu ndo alinizuia. Majina yanatoka kwenye mfumo, hayatoki kwenye mfuko wa mtu.

Pesa sasa. Ada unayoiona kwenye kitabu sio yote, kuna yunifomu, viatu vyeusi vya kufunika, saa yenye mshale wa sekunde, bima ya afya, chakula, nauli za kwenda kwenye mazoezi, na chanjo ya homa ya ini B ambayo ni dozi tatu, ya pili mwezi mmoja baada ya ya kwanza na ya tatu miezi sita baada ya ya kwanza, kwaiyo hata hiyo ianze mapema, ni kinga yako wewe na sindano zitakuchoma. Bodi ya mikopo imeanza kuwakopesha wanafunzi wa diploma za afya tangu mwaka wa masomo 2023/2024, ila soma mwongozo wao wa mwaka husika wote, hasa kipengele cha umri na mwaka uliomaliza shule, kabla hujaanza kuuhesabu huo mkopo kama pesa yako. Sisi watu wazima tusiuegemee. Mimi niliweka vikoba miaka miwili na nikauza kibanda, sikukifunga, nilikiuza na wateja wake kikiwa kinatembea, kikanilipia mwaka wa kwanza wote.

Kuna hesabu ya umri pia na inabidi uifanye bila huruma. Matangazo ya ajira serikalini yanaandika umri usiozidi miaka 45. Una miaka 41 na bado unatakiwa kurisiti? Utaingia chuo na 43, utatoka na 46. Nafasi za serikali zinakua zimefungwa kwako, zinabaki hospitali binafsi na za misheni, na huko watu wanafanya kazi vizuri tu na wanaheshimika, lakini lijue leo. Mwenye 35 bado una muda ila usiulaze.

Kabla hujatumia hata shilingi nenda ukalale na mgonjwa wodini. Siku mbili, tatu, za usiku. Mimi nilimuuguza mama yangu wiki mbili, na kuna usiku kama saa tisa nesi mmoja akaja kitandani, hakusema kitu, akashika roda ya dripu, kile kigurudumu cha kubania mrija, akaangalia saa yake ya mkononi na yale matone, midomo inacheza anahesabu, akaibana kidogo, akahesabu tena, akamfunika mama miguu maana Juni hii ya Mbeya unaijua, akaenda kitanda kingine. Nikajua naitaka ile kazi. Nilipofika chuo ndo nikafundishwa alichokua anafanya, lita moja ya maji kwa masaa 8, mrija wa matone 20 kwa mililita, unazidisha 1000 kwa 20 unagawa kwa dakika 480, unapata kama matone 42 kwa dakika. Ukikosea yakakimbia, mgonjwa mwenye moyo dhaifu mapafu yanajaa. Ndo maana fizikia na hesabu wanazisisitiza, sio kukunyanyasa. Lakini usiku huohuo utasikia pia harufu, utaona damu, utaona mtu anakufa na ndugu wanamfokea nesi, na ukijiona huwezi, rudi nyumbani na pesa yako.

Ukichaguliwa thibitisha mapema, alafu kaa na familia yako, sio kuwaambia tu, kaa nao. Nani anapeleka watoto shule wiki ukiwa zamu ya usiku? Mgonjwa akiwa ni mwanao na wewe una mtihani wa anatomia? Kwetu tuliandika kwenye karatasi, mdogo wangu akaja kutoka Tukuyu kukaa na watoto mwaka mzima, na mama mkwe akachukua Jumamosi na Jumapili.

Darasani utakaa na watoto waliozaliwa ukiwa form one au two. Watakuita mama. Muhula wa kwanza ndo mgumu, anatomia na fiziolojia kwa Kiingereza, na ubongo uliokaa miaka bila kusoma unachelewa kuwaka, sapu, yaani mitihani ya kurudia, zinatokea. Tafuta wawili wanaoshika haraka msome nao, wewe utawasaidia wodini, maana wao wanaogopa kuongea na mgonjwa mzee na wewe umeongea na wateja miaka yote. Baada ya miaka 3 kuna mtihani wa Baraza la Uuguzi na Ukunga kabla ya usajili na leseni, kwaiyo madaftari ya mwaka wa kwanza usiyauze.

Kama leo ni kabla ya Februari, chukua cheti chako nenda kituo cha mitihani kilicho karibu ukaulize usajili unafungwa lini. Kama imeshapita, anza na herufi za jina na dozi ya kwanza ya chanjo, na mzani wa jirani upo palepale.