Feni ya paa kwa vani ya kulala: pima tundu kabla ya kununua

Aliyekulia kwenye nyumba ya pwani anajua kwamba chumba chenye dirisha moja hakipati upepo hata kaskazi ikivuma vipi. Hewa inataka pa kuingilia na pa kutokea. Vani ya kulala nayo ni hivyo hivyo, na hapo ndipo wengi hupotea: wananunua feni ya bei kubwa, wanaiweka juu ya kitanda, wanafunga madirisha yote, kisha wanalalamika kwamba haina nguvu.

Jambo jingine la kukubali mapema ni kwamba feni ya paa haipoozi hewa, inaibadilisha tu. Mchana wa Texas nje kukiwa na nyuzi 38, ndani hakutashuka chini ya hizo 38. Kazi yake halisi ni kutoa joto lililonaswa na bati la paa, kuingiza hewa ya usiku iliyopoa, na kutoa mvuke. Huo mvuke ndio adui mkubwa kwa wanaoishi Uingereza, Ujerumani au Kanada. Kilo 1 ya gesi ya propeni ikiungua hutoa takriban kilo 1.6 za maji, yote yakielea hewani. Ongeza pumzi za watu wawili usiku kucha na sufuria ya wali inayochemka, utaelewa kwa nini asubuhi madirisha yanatiririka na godoro linaota ukungu kwa chini.

Sasa kipimo cha tundu la paa linaloingia feni. Soko la Amerika Kaskazini limezoea tundu la inchi 14 kwa 14, yaani karibu milimita 356 kila upande. Ulaya, kampa (magari ya kulala) nyingi zina tundu la milimita 400 kwa 400, na madogo ya 280 kwa 280 huwekwa zaidi bafuni. Kama gari lako tayari lina kidirisha cha paa, ng'oa fremu ya ndani, pima tundu lenyewe wala si plastiki inayolizunguka, kisha utafute feni ya kipimo hicho. MaxxFan na Fan-Tastic Vent zilitengenezwa kwa ajili ya inchi 14. Turbo-Vent ya Fiamma imekusudiwa tundu la 400. Kuingiza feni ya 356 kwenye tundu la 400 kunahitaji fremu ya kuunganishia, na kila kiungo kinachoongezwa ni mahali pengine pa kuvujia. Kama vani haijatobolewa bado, nunua feni kwanza, ishike mkononi, ndipo uchore mstari wa kukatia. Pima pia unene wa paa pamoja na mbao na dari ya ndani, kwa sababu fremu ya ndani ya kila feni ina kikomo chake cha unene.

Baada ya kipimo, swali la pili ni mvua. Feni nyingi zina kifuniko kinachofunguka kwenda juu kama mlango wa sanduku. Nyingine kati ya hizo zina sensa: tone likidondoka, kifuniko kinajifunga, na hewa inakatika hapo hapo. MaxxFan Deluxe ina kofia inayofunika feni kwa juu, hivyo unaweza kuiendesha huku mvua ikinyesha. Kwa anayekaa Manchester au Vancouver, tofauti hiyo ina thamani kuliko remoti na taa zote, kwa sababu siku ya mvua ndiyo siku ya kupika ndani na kuanika nguo ndani. Anayekaa Arizona anaweza kuokoa pesa yake na kuchukua ile ya kifuniko cha kawaida.

Uwezo wa kusukuma hewa usikusumbue sana. Feni zenye pangaboi (mapanga yanayozunguka) la inchi 12 hutajwa kwa takriban futi za ujazo 900 kwa dakika, sawa na mita za ujazo 25. Vani ndefu ya paa la juu ina kama mita 13 za ujazo, kwa hiyo kwenye makaratasi hewa yote ingebadilika kila nusu dakika. Kinachopunguza kasi hiyo ni pa kuingilia hewa. Acha wazi dirisha lenye eneo linalokaribia la tundu la feni, upande wa pili wa gari, na mahali pazuri ni karibu na kichwa chako unapolala. Feni ikiwa nyuma juu ya jiko na hewa ikiingilia mbele, upepo unapita juu ya mwili wako na moshi wa samaki hauzunguki hadi kwenye shuka.

Kasi ndogo ndiyo utakayoitumia usiku, kwa hiyo chagua feni yenye ngazi nyingi za kasi, 10 ikiwezekana, badala ya 3. Nguvu inayohitajika kuzungusha pangaboi hupungua haraka kuliko kasi yenyewe: kasi ikishuka nusu, nguvu hushuka hadi karibu sehemu moja ya nane. Feni inayokula ampea 3 ikiwa kasi ya mwisho inaweza kula chini ya 0.5 ikiwa kasi ya chini. Kwa saa 8 za usingizi, hiyo ni tofauti ya ampea-saa 24 dhidi ya 4 au pungufu. Betri ya asidi ya ampea-saa 100 hupaswi kuishusha chini ya nusu, kwa hiyo kuendesha kasi ya mwisho usiku kucha kunakula karibu nusu ya ulichonacho kabla friji haijahesabiwa.

Usalama tuuseme waziwazi. Feni ikinyonya hewa kutoka ndani huku kila kitu kimefungwa, itavuta hewa kupitia njia yoyote itakayopata, ikiwemo bomba la moshi la hita ya gesi. Gesi ya kaboni monoksaidi haina harufu na inaua mtu usingizini. Fungua dirisha kabla ya kuwasha feni, usizibe matundu ya sakafuni yaliyowekwa na mtengenezaji hata baridi ikizidi, na weka king'ora cha kaboni monoksaidi. Ulaya tafuta chenye alama ya EN 50291-2, kilichotengenezwa kwa magari ya kulala. Jiko la mkaa lisiingie ndani ya vani kabisa, hata kwa dakika tano za kupasha mikono, feni iwe inazunguka au la. Mkaa uliofifia bado unatoa sumu hiyo.

Kukata paa ni kazi ya siku moja kavu isiyo na upepo. Kutokea ndani, tafuta mbavu za chuma za paa, uchague nafasi iliyo katikati yake, mbavu hazikatwi. Toboa tundu dogo la katikati kutokea ndani ili kuhakikisha mahali, kisha panda juu uchore mraba na ubandike selotepu ya karatasi pembeni mwake ili msumeno usikwaruze rangi. Toboa pembe nne kwa drili ya milimita 12, halafu kata kwa jigso yenye meno madogo ya chuma. Kila unapomaliza upande mmoja, ushike kwa selotepu, la sivyo bati litaning'inia na kuchanika kwenye pembe ya mwisho. Chini yake tandika plastiki. Vumbi la chuma lililobaki juu ya paa huota kutu ndani ya siku chache na kuacha madoa ya kahawia, kwa hiyo lifagie na kulifuta lote siku hiyo hiyo. Piga tupa kingo, safisha kwa spiriti, paka rangi ya kuzuia kutu kwenye chuma kilicho wazi, uache ikauke sawasawa. Hatua hii watu huiruka, na miaka miwili baadaye wanakuta kutu imetambaa chini ya gundi.

Kwa ndani, tengeneza fremu ya mbao ya unene wa kama sentimita 2 ili skrubu zipate pa kushika. Chini ya ukingo wa feni weka utepe wa butili (mpira laini unaonata), kaza skrubu polepole kwa kubadilishana pande, kisha uache saa kadhaa, ukaze tena kidogo. Ukikaza kwa nguvu, plastiki inapasuka. Juu ya skrubu na ukingoni pakaa gundi ya kuziba: ya poliuretani ya magari kwa paa la bati, na ile inayojisawazisha kwa paa la mpira la trela za Marekani, kama Dicor. Silikoni ya dukani usiiguse, maana ikishakaa, hakuna kitu kingine kitakachoshika juu yake siku ya kurekebisha. Kwenye bati lenye mifereji, kama la vani za Ducato au Sprinter, jaza mabonde kwanza kwa fremu maalumu au vipande vya plastiki vilivyokatwa kwa umbo lake. Butili peke yake hulegea jua likiipata na maji yakasimama hapo. Chini ya nyuzi 5 gundi nyingi hazikauki vizuri.

Waya wa milimita 2.5 za mraba unatosha kwa feni ya ampea 3 iliyo mita 5 kutoka kwenye betri. Fyuzi iwe ya ukubwa uliotajwa kwenye kijitabu cha feni, na ikae karibu na betri, maana kazi yake ni kuulinda waya. Hakikisha chanya na hasi kabla ya kuunganisha. Kugeuza kunaweza kuua saketi.

Feni ikidhoofika baada ya miezi, pima volti kwenye vituo vyake ikiwa kasi ya mwisho. Betri ikionyesha 12.7 na feni 11.8, tatizo ni kiungo kilicholegea au waya mwembamba. Ikianza kutetemeka, osha pangaboi na uondoe nywele kwenye mhimili. Neti ya mbu nayo ioshwe kwa maji ya sabuni. Matone yakidondoka majira ya baridi bila mvua, huo ni mvuke uliogeuka maji kwenye kifuniko, kwa hiyo usikimbilie kumwaga gundi. Kausha, subiri siku kavu, mimina ndoo ya maji juu ya paa, mtu mwingine akiangalia ndani kwa tochi. Na ukishamaliza, pima upya urefu wa gari lote, uandike kwenye karatasi mbele ya dereva: feni iliyofungwa huongeza sentimita kadhaa, na vizuizi vya maegesho ya Ulaya havikuhesabu hizo.