"Kuliko" Peke Yake Haitoshi

Kosa lililonisumbua kupita yote shuleni ni hili: "He is tall than me." Mwalimu alilizungushia wino mwekundu karibu kila wiki, nami sikuona ubaya wake. Yeye ni mrefu kuliko mimi: kila neno si lipo mahali pake? Leo kalamu nyekundu ninayo mimi, na kosa nalikuta lilelile kwenye madaftari ya wanafunzi wangu.

Chanzo chake ni Kiswahili chetu. Kivumishi chetu hubadilika kichwani ili kipatane na nomino: mtu mrefu, kisu kirefu, miti mirefu. Kikishapatana kimemaliza kazi, kulinganisha tunamwachia "kuliko". Kiingereza kimepinduka: kichwa hakiguswi, kinachobadilika ni mkia. "Tall" ya mtu mmoja na ya miti kumi ni ileile, lakini ukilinganisha lazima iwe "taller". Mzigo huo "than" hawezi kuubeba peke yake. Basi kila unapoandika "than", rudi nyuma uangalie kivumishi: kimeota mkia? Kama hakina mkia wala "more" mbele yake, bado unaandika Kiswahili.

Mikia ni miwili. -er ni ya kulinganisha pande mbili. -Est ni ya kinachowazidi wote, na hiyo hutanguliwa na "the": "the tallest". Neno refu haliotishwi mkia, linatangulizwa "more" au "most": "more expensive", "the most expensive".

Refu kiasi gani? Piga makofi uhesabu silabi. Kofi moja, weka mkia. Matatu na kuendelea, tumia "more". Mawili ndiyo yenye matata. Yanayoishia na y huchukua mkia, na y inageuka i: "happy", "happier", "happiest". Mengi ya -ow na -le hufuata njia hiyo: "narrower", "simpler". Yaliyobaki kwa kawaida ni ya "more": "more careful", "more famous". Machache, kama "clever" na "quiet", hukubali njia zote mbili, kwa hiyo hapo usijikoseshe usingizi.

Ila makofi hayo yapige kwa sikio la Kiingereza. Nikimwambia mwanafunzi ahesabu "strong", mara nyingi anapiga manne: si-ti-ro-ngi. Kwa hesabu yake "more strong" ni sahihi kabisa! Tumezoea kila konsonanti iwe na irabu yake, tukaipa "strong" irabu ambazo haina. Inayosikika ni moja tu, kofi moja, basi "stronger". "Large" nayo ni kofi moja, maana e ya mwisho ni bubu. Unaongeza r tu, "larger".

Wapo wakaidi. "Bored" na "wrong" ni kofi moja lakini wanataka "more". "Good" hugeuka "better" kisha "best", "bad" ni "worse" kisha "worst", "little" ni "less" kisha "least". Hawa hawana kanuni, wakariri kama ulivyokariri jedwali la kuzidisha.

Ukishaweka mkia, usirudishe "more". "More better" ni kuvaa kofia mbili. Mwanafunzi mmoja mjanja aliwahi kunitolea Shakespeare, ambaye katika Julius Caesar aliandika "most unkindest". Kweli aliandika, na enzi zake ilikubalika. Nilimpa pongezi kwa kusoma, na alama ya kosa nikaiacha palepale.

Tahajia haina mambo mengi. Neno fupi likiishia na irabu moja kisha konsonanti moja, konsonanti hiyo hujirudia: "big" ni "bigger", "hot" ni "hotter". "Cheap" ina irabu mbili, kwa hiyo ni "cheaper". Herufi w hairudiwi kamwe: "slow", "slower".

Ukitaka kusema "mrefu zaidi sana", usiseme "very taller". "Very" hukaa na kivumishi kisicho na mkia. Chenye mkia hupewa "much": "much taller". Na "senior", "junior" na "superior" hazitaki "than" hata kidogo, zinataka "to": "She is senior to me."

Jambo la mwisho ni la mdomo, na hapa Kiswahili kinatusaidia. "Long" huishia na sauti ya ng' kama ya ng'ombe. Ukiongeza mkia, sauti inakuwa ng ya ngoma: "longer" inatamkwa na g inayosikika. "Strong" na "young" ni vivyo hivyo. Wanafunzi wa lugha nyingine huhangaika sana na tofauti hii. Wewe unaitamka kila siku.