Namna ya Kuandika Insha kwa Msaada wa Intaneti Bila Kuiba Maandishi

Tuchukue mwanafunzi wa Tanga aliyepewa insha kuhusu historia ya zao la mkonge. Akifungua simu atapata kurasa nyingi, na baadhi yake zitakuwa zimenakiliana zenyewe kwa zenyewe, pamoja na makosa yake. Mara nyingi wizi wa maandishi huanzia hapa, kabla hata insha haijaanza kuandikwa, pale anapokopi aya na kuipesti kwenye faili moja bila kuonyesha ilikotoka. Siku chache baadaye hawezi tena kutenganisha maneno yake na ya wenzake.

Kwa hiyo anza na daftari. Kwa kila ukurasa unaousoma, andika jina la mwandishi, mwaka, kichwa cha makala, anwani ya tovuti na tarehe uliyoisoma, kwa kuwa kurasa za intaneti hubadilishwa au huondolewa. Chini yake andika hoja kwa ufupi, na sentensi utakayoichukua neno kwa neno itie alama za kunukuu papo hapo.

Sehemu inayowashinda wengi ni kueleza jambo kwa maneno yao wenyewe. Chukulia kuwa tovuti imeandika: "Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo, aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida, lakini ni 62 tu iliyofika ikiwa hai." Mwanafunzi naye akaandika: "Katika mwaka wa 1893 Richard Hindorf aliitisha mimea 1,000 ya katani kutoka Florida, ila 62 pekee ndiyo iliyofika ikiwa mizima." Huo bado ni wizi, kwani mwendo wa sentensi na mpangilio wa mawazo ni ule ule. Afunge simu, ajiulize taarifa hiyo inaisaidiaje hoja yake, kisha aandike, kwa mfano: "Mashamba tunayoyapita tukielekea Muheza au Pangani yana chanzo kidogo mno, kwa maana kati ya miche 1,000 aliyoiagiza Hindorf, 62 tu ndiyo iliyosalimika safarini." Hata hapo ataje chanzo. Kwamba mkonge umelimwa sana Tanga ni jambo linalojulikana na wote, wala halihitaji marejeo. Hesabu ya miche, na maelezo ya kwa nini zao hilo lilistawi, vina wenyewe.

Kutafsiri makala ya Kiingereza kwa programu ya simu hakuyafanyi mawazo yawe yako. Insha inayouzwa steshenari ikiwa tayari imechapwa haihitaji mjadala. Akili unde (AI), yaani programu inayojibu maswali na kutunga maandishi, ni suala gumu zaidi: uliza kwanza mwalimu au chuo chako kinaruhusu nini, eleza ulivyoitumia, na kila kitabu inachokutajia kihakiki, maana huweza kutaja vitabu ambavyo havijawahi kuandikwa.

Ukitaka insha iwe na kitu kisichopatikana mtandaoni, mwendee mzee aliyefanya kazi kwenye mashamba enzi za manamba, yaani vibarua wa mkataba. Mwamkie, mweleze kusudi lako, omba ridhaa ya kurekodi, kisha muulize mambo madogo: kazi ilianza saa ngapi, mzigo wa majani ulihesabiwaje, mkono uliochomwa na mwiba ulitibiwaje. Maneno yake nayo ni chanzo, na yanastahili kutajwa pamoja na mahali na tarehe ya mazungumzo. Kwa maoni yangu, aya moja ya namna hii ina thamani kuliko kurasa tatu za historia iliyokwisha kurudiwa na kila mtu.

Chuo kikitumia Turnitin au programu nyingine ya kulinganisha maandishi, usikimbilie kupunguza asilimia ya mfanano inayoitoa kwa kubadili neno moja moja. Programu huonyesha mfanano tu. Nukuu halali na orodha ya marejeo vinaweza kuipandisha asilimia hiyo, ilhali wizi uliofichwa kwa visawe huweza kupita. Daftari lako na rasimu zako vihifadhi mpaka alama zitoke, ili mwalimu akiwa na shaka uweze kumwonyesha kila hoja ilivyoingia katika kazi yako.